Namna ya kumtuliza pora mkorofi bandani

Pora, yaani jogoo kijana, aliyekuwa akila kiganjani mwako juzi tu, leo anakukodolea jicho ukifungua mlango wa banda. Ukiinama kuokota mayai unasikia mabawa yakipiga nyuma yako, halafu miguu miwili inatua kwenye shavu la mguu wako. Wakifika hapo, wafugaji wengi hugawanyika: wapo wanaokimbilia kisu na wapo wanaokimbilia fimbo. Kati ya hao, wa fimbo ndio wanaojitafutia taabu zaidi. Kisu kinamaliza shauri, fimbo inalianzisha upya kila asubuhi.

Ipo njia nyingine, nayo ni kumnyima ugomvi anaoutafuta, kupanga banda lisimchokoze, na kujiwekea siku ya mwisho ya kuamua kama anafaa kubaki. Si kila pora atatulia, lakini wengi hupoa wakikuta kila siku jibu lilelile.

Msome kabla ya kumhukumu

Pora hubadilika akiwa na miezi minne hadi sita hivi. Upanga wa kichwani na ndevu hukolea wekundu, manyoya marefu yanayong'aa huota shingoni na kiunoni, na kule kuwika kwa kukwaruza kunanyooka kuwa sauti ya jogoo kamili. Homoni zimepanda, na sasa anataka kujua nani mkubwa hapa. Kuku huishi kwa ngazi. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku kwa miaka tangu utotoni, aliieleza ngazi hiyo katika maandiko yake mwanzoni mwa miaka ya 1920: ndani ya kundi kila kuku anamjua anayeweza kumdonoa na anayelazimika kumpisha. Wewe unayeingia na ndoo kila siku umo kwenye hesabu hiyo, upende usipende.

Kipindi kigumu zaidi huwa akiwa na umri wa miezi mitano hadi tisa. Baadhi ya majogoo hutulia wakikaribia mwaka mmoja au mwaka na nusu, baadhi hawatulii kamwe. Ndiyo maana haifai kumhukumu kwa wiki moja mbaya, wala haifai kumngojea miaka.

Pora anayejiandaa kukuvaa haji mzimamzima. Kwanza anaacha kula. Anakugeuzia ubavu, kwa kuwa macho yake yako pembeni mwa kichwa na jicho moja linamtosha kukupima. Bawa moja linashuka mpaka ncha za manyoya zinakwaruza ardhi, naye anakuja kwa hatua fupifupi za upande, akizunguka badala ya kunyooka. Manyoya ya shingo yanasimama duara. Mara nyingine anainama, anaokota unyasi, anautupa, anaokota tena, lakini jicho halijakuacha hata kidogo. Kisha ndipo anaruka, miguu mbele. Kati ya bawa kushuka na miguu kuruka huwa kuna sekunde chache, na kazi yako karibu yote iko katika sekunde hizo.

Usichanganye hayo na kazi yake ya kawaida. Jogoo anayewaita majike kwa mlio wa haraka huku akiinua na kuangusha punje ni baba mwema wa banda. Anayetoa mlio mrefu wa hofu mwewe akipita, au anayesimama katikati yako na kuku wake bila kukusogelea, naye hana kosa. Hata yule anayekurukia baada ya mtetea kupiga kelele mikononi mwako anafanya alichoumbiwa. Dawa ya huyo ni wewe kuwashika majike usiku wakiwa wametulia kwenye fito, au kumfungia yeye upande mwingine wakati wa kuwakagua.

Jambo jingine la kutazama ni anamrukia nani. Kuku hutofautisha watu. Pora anaweza kumheshimu baba mwenye nyumba na kumkimbiza binti anayeleta maji, kwa sababu tu binti alikimbia mara ya kwanza. Wengine huchokozwa na kitu, siyo mtu: ndoo ya rangi kali, buti mpya, fagio linaloyumba, khanga inayopepea. Ukigundua ni kitu, kibadilishe kwa muda na utakuwa umejipunguzia nusu ya kazi.

Mkague mwili

Jogoo aliyekuwa mpole akageuka ghafla huenda anaumwa. Mchukue usiku, uangalie chini ya mabawa na kuzunguka tundu la haja kama ana utitiri au chawa, kisha miguuni kama magamba yameinuka na kufanya ukoko mweupe. Pitisha kidole mbele ya kila jicho uone kama anakishtukia. Asiyeona upande mmoja hushtuka kila mara unapotokea upande huo, na mshtuko wa jogoo ni kurusha miguu. Ukiona tatizo, tibu kwanza, mengine baadaye.

Watu kwanza, jogoo baadaye

Kabla ya kuanza mafunzo yoyote, weka sheria moja isiyo na mjadala: mtoto mdogo haingii bandani wala uwanjani akiwa na pora huyu, hata akiwa nyuma yako. Kimo cha mtoto kinaweka macho yake pale pale miguu ya jogoo inapofikia. Wazee na wenye mishipa iliyovimba miguuni nao wakae mbali. Mwaka 2019 wataalamu wa uchunguzi wa vifo nchini Australia waliandika habari ya mama wa miaka 76 aliyedonolewa mguuni na jogoo wakati akiokota mayai. Mdomo ulitoboa mshipa uliovimba, akavuja damu mpaka akafa. Ni tukio la nadra sana, lakini linatosha kumfanya mtu aliyezoea kusema "ni kuku tu" avae suruali nzito.

Basi vaa suruali nzito na gambuti. Ukiwa na miwani, ivae. Jeraha la jogoo huwa dogo juu na refu ndani, tena limetoka kwenye mguu unaokanyaga mavi kutwa. Lioshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, usilizibe kwa haraka, na kama limezama ndani au kinga yako ya pepopunda ni ya zamani, nenda kituo cha afya. Jeraha lolote la jicho ni la hospitali siku hiyohiyo.

Ondoa uchokozi uliomo bandani

Hapa ndipo watu huruka, wakadhani shida yote iko kichwani mwa jogoo. Anza na hesabu. Jogoo mmoja anatoshwa na majike wanane hadi kumi na wawili. Wa aina nzito hutosheka na wanane, wale wepesi wenye mbio wanahitaji zaidi. Pora wawili kwa majike watano ni vita ya uhakika, na utakaowakuta na vidonda ni majike. Na kama unafuga kwa ajili ya mayai ya kula tu, huhitaji jogoo hata mmoja. Jike hutaga bila yeye. Linalokosekana ni kifaranga.

Halafu angalia umri. Pora hukomaa wiki kadhaa kabla ya mitetea walioanguliwa naye. Yeye yuko tayari, wao bado, kwa hiyo anawakimbiza kutwa, anawashika kwa nguvu, nao wanajificha kwenye viota au wanashinda juu ya fito bila kula. Watenge mpaka mitetea waanze kutaga au waanze kujikunyata wenyewe chini ukiwagusa mgongoni. Kama unao makoo wakubwa wenye mwaka au zaidi, muweke pora pamoja nao. Makoo hawana subira na utovu wa adabu: akija kwa pupa wanamdonoa upanga, na baada ya muda anajifunza kucheza kwanza na kungoja akubaliwe. Jogoo mkubwa mwenye busara hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ninavyoona, pora waliolelewa wenyewe kwa wenyewe bila mkubwa yeyote ndio wanaoongoza kwa ukorofi, wakifuatwa na yule kifaranga mmoja aliyelelewa ndani ya nyumba, akabebwa kifuani mpaka hajui tena kama yeye ni kuku au ni mtu. Huyo wa pili haogopi binadamu hata kidogo. Akitaka mpinzani anakutazama wewe.

Nafasi nayo ina sehemu yake. Ndani ya banda kila kuku apate angalau theluthi ya mita ya mraba, nje mita moja ya mraba au zaidi, na kwenye fito sentimita 20 hadi 25. Nafasi tupu pekee haitoshi lakini. Kuku anayekimbizwa anahitaji pa kupotelea, kwa hiyo simamisha vizuizi vya macho: kipande cha bati kilichoegemezwa, tenga kuukuu, tawi kubwa lenye majani, gogo. Weka vyombo vya chakula na maji sehemu mbili au tatu zisizoonana, ili mmoja asiweze kuvilinda vyote. Kona kali ndani ya uzio ni mtego, maana jike akibanwa hapo hana pa kutokea. Egemeza ubao kuiziba.

Namna ya kusimama mbele yake

Hii ndiyo kazi yenyewe, ifanye kila siku unapoingia, asubuhi na jioni, bila kuruka.

Ingia kwa mwendo wako wa kawaida, polepole kidogo, na upite katikati ya uwanja. Usipite ukutani ukimzunguka. Ukimzunguka jogoo umempisha, na kwenye ngazi yao anayepisha ndiye mdogo. Kama amesimama kwenye njia yako, njia hiyo ni yako. Tembea kama mtu anayevuka sebule yake mwenyewe akakuta kiti kimehamishwa.

Ukiona bawa linashuka, simama. Usirudi nyuma hata hatua moja, usipige kelele, usirushe kitu. Mgeukie, nyoosha mgongo, tanua mikono kidogo kando ya mwili ili uonekane mpana. Kisha sogea mbele, hatua moja fupi, unyayo ukiwa karibu na ardhi, ukilenga pale pale alipo. Hatua nyingine. Humkimbizi. Unachukua mahali aliposimama. Wengi hupisha kwenye hatua ya pili au ya tatu, na wengine huzunguka kujaribu upande wa pili. Geuka naye, endelea kumwelekea.

Akishapisha, usimfuate mpaka kona. Simama alipokuwa amesimama na ungoje. Kungoja huku ndiko kunakowashinda watu. Wanaona ameondoka, wanageuka kuendelea na kazi, naye anarudi kwa nyuma kwa sababu shauri lilikuwa halijaisha. Ngoja mpaka manyoya ya shingo yalale, kichwa kishuke, aanze kuparura na kudonoa kwa kweli, tena akiwa amekupa mgongo au ubavu bila kukukazia jicho. Hapo amekubali. Sasa kamwage maji yako.

Akiruka licha ya yote hayo, uwe na ngao mkononi. Kifuniko cha ndoo kinafaa, fagio la mti mrefu linafaa. Iweke kati yake na miguu yako, aipige apendavyo, huku wewe ukiisogeza mbele taratibu kumsukuma arudi. Usimpige nayo. Majogoo wawili wakigombana hurushiana kwa zamu mpaka mmoja akimbie, kwa hiyo ukimpiga teke umemwambia kwamba sasa ni zamu yake. Mbali na hilo, teke la mtu mzima linaweza kuvunja mfupa wa kidari au wa paja, na utakuwa umebaki na jogoo mgonjwa na bado mkorofi.

Chakula kinakupa nafasi nyingine ya somo. Ukimwaga punje, simama juu yake. Waache majike waje kwanza, na umzuie pora kwa mwili wako hatua chache nyuma mpaka atulie. Akitulia, ondoka ale. Acha kabisa kumlisha mkononi kwa kipindi hiki. Wapo wanaosema kumlisha mkononi kunamfanya awe rafiki, na kwa jogoo mwoga ni kweli. Kwa jogoo jeuri kunamfundisha kudonoa mkono.

Na usiwe peke yako katika hili. Kila anayeingia bandani afanye hivyohivyo. Mmoja akisimama imara na mwingine akikimbia huku akicheka, pora atajifunza kwamba inafaa kujaribu.

Kumshika na kumbeba

Ukimbeba mbele ya kundi lake, pora anajifunza mambo mawili: kwamba unaweza kumshika upendapo, na kwamba kushikwa si kufa. La pili watu hulisahau, wakamshika kwa hasira.

Usimkimbize mchana. Mfuate usiku kwenye fito, kwa kuwa kuku haoni vizuri gizani, na utumie mwanga hafifu. Weka viganja viwili juu ya mabawa yakiwa yamefungwa, mnyanyue, kisha telezesha mkono mmoja chini ya kidari miguu ipite kati ya vidole vyako. Mbane ubavuni chini ya kwapa, kichwa kikielekea nyuma ya kiwiko chako ili mdomo uwe mbali na uso. Mshike imara lakini kidari kiwe huru. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Anapumua kwa kifua kupanuka na kusinyaa, na ukikibana kifua anakosa hewa hata kama shingo na pua ziko wazi. Kwa sababu hiyohiyo usimning'inize kichwa chini ukimtembeza kama funzo. Kule kutulia kwake akiwa kichwa chini siyo utii.

Usiku wa kwanza, mshike tu dakika chache umrudishe. Baadaye mtoe alfajiri kabla hawajashuka, ukae naye au uzunguke naye uwanjani wenzake wakila, dakika kumi hadi kumi na tano. Atapigapiga miguu mwanzoni. Usimwachie akiwa anapiga. Subiri mpaka uzito wake uongezeke mkononi, shingo ilegee, labda afumbe jicho. Akijaribu kukudonoa, kishushe kichwa chake taratibu kwa kiganja na ukishikilie chini mpaka aache.

Kumweka chini kuna namna yake. Chuchumaa, miguu yake iguse ardhi, lakini uache mkono mgongoni. Atataka kuruka mara moja. Mzuie bila kumkandamiza, sekunde kadhaa, mpaka asimame mwenyewe bila kusukuma. Kisha ondoa mkono, inuka, kaa pale pale. Yeye ndiye aondoke. Akigeuka na kushusha bawa tena, mchukue tena.

Rudia kwa wiki moja au mbili. Ukiona anakupisha mwenyewe unapoingia, punguza, ukibakiza mara mojamoja.

Kumtenga kwa muda

Ikiwa kusimama na kumbeba hakujaleta badiliko, mwondoe kundini. Tenga kubwa au kizimba cha wavu wa waya, kikiwa mahali anapowaona wenzake lakini hawezi kuwagusa, chenye kivuli, maji na chakula cha kutosha. Kumnyima chakula hakusaidii kitu na ni ukatili. Siku tatu ni chache. Wiki moja hadi mbili ni bora, kwa sababu kundi linahitaji muda wa kupanga ngazi bila yeye. Akirudi anaanzia chini, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mrudishe jioni wakati wanapanda fito. Asubuhi yake uwepo, na uendelee na zoezi la kusimama tangu dakika ya kwanza.

Baadhi ya wafugaji wana uwanja wa majogoo peke yao, bila jike wa kugombea. Huwa pana utulivu wa kushangaza, alimradi waliingizwa pamoja wakiwa wadogo na hawawaoni majike ng'ambo ya wavu.

Vikwaru, na mengine utakayoshauriwa

Kikwaru ni ule mwiba unaoota upande wa ndani wa mguu, juu ya vidole. Kwa pora huwa kinundu tu. Kinakuwa silaha akipita mwaka. Kina mfupa katikati wenye damu, na nje kina ganda gumu kama la ukucha. Unachoweza kufanya nyumbani ni kukata ncha tu, milimita chache, kwa mkasi wa kucha za mbwa, kisha kulainisha kwa tupa mpaka kiwe butu. Ukiona damu umeingia kwenye mfupa. Bana kwa kitambaa safi chenye unga wa wanga mpaka ikome. Utaambiwa uchomeke kiazi cha moto ili ganda ling'oke zimazima. Kiazi hicho kinaunguza, na kinachobaki wazi ni kidonda. Achana nacho.

Utaambiwa pia umhasi. Korodani za jogoo ziko ndani ya mwili, mgongoni karibu na figo, kwa hiyo kumhasi ni upasuaji wa kupita kati ya mbavu. Si kazi ya wembe na nia njema. Maji ya kunyunyizia usoni huwakatiza wengine wakiwa wanaanza kuzunguka, na hayana madhara, ila jogoo huyazoea.

Anapowaumiza majike

Huyu anaweza kuwa mpole kwako kabisa. Tazama migongo: manyoya yaliyokatika juu ya mabawa na nyuma ya kichwa ni ya kawaida kwa kiasi, ngozi nyekundu tupu siyo. Mnyanyue kila jike, fungua bawa, utazame ubavuni, kwa sababu kucha za jogoo huchana hapo na manyoya huficha jeraha mpaka linuke. Aliyechanika mtenge, msafishe kwa maji ya chumvi, umwone daktari wa mifugo kama nyama iko wazi. Waliopoteza manyoya tu unaweza kuwavisha kipande cha kitambaa kigumu mgongoni chenye kamba za elastiki zinazopita chini ya mabawa. Ukikague kila baada ya siku chache, maana chini yake utitiri hustawi. Wakati huo kata ncha za kucha za jogoo na uongeze majike au upunguze majogoo. Kitambaa bila hesabu ya majike ni kufunika tu.

Siku ya uamuzi

Siku unapoanza, andika kwenye kalenda tarehe ya wiki sita mbele. Kila akimrukia mtu, weka alama. Huhitaji maelezo, alama tu. Tarehe ikifika, tazama alama zimepungua au la. Zikipungua mpaka karibu kwisha, umepata jogoo, ingawa usimpe mgongo kwa miezi kadhaa na utegemee majaribio mapya akiingia jogoo mwingine au siku zikirefuka. Zikibaki palepale, amua.

Mashambulizi mawili hayasubiri tarehe: lililomfikia mtoto usoni, na la jogoo anayekuja kutoka mbali, mwendo wa kukimbia, bila kuonya kwa bawa wala kuzunguka. Huyo wa pili ni nadra kubadilika, na kumbembeleza ni kucheza na macho ya watu.

Chaguo ziko tatu. Uwanja wake mwenyewe, ukiwa na eneo. Kumpa mtu mwingine, kwa masharti kwamba umemweleza waziwazi kwa nini unamtoa, na nyumba hiyo haina watoto wadogo. Baadhi ya majogoo hupoa kweli wakihamia kundi lenye jogoo mkubwa, lakini usimuuze kwa siri ukitumaini hilo. Au kumchinja, kwa haraka na mtu anayejua, na kama alikuwa kwenye dawa, ungoje zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Nimewaona watu wakijiona wameshindwa kwa kufika hapo. Hawajashindwa. Mwelekeo wa ukali hurithiwa kwa sehemu, na kutomzalisha jogoo wa namna hiyo ni kazi ya mfugaji kama kulisha.

Ukimwondoa, usiatamishe mayai mara moja. Jike huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu, kwa hiyo mayai ya wiki ya kwanza bado yanaweza kuwa ya yule uliyemfukuza. Ngoja mwezi mmoja ndipo ukusanye ya kuanguliwa.

Na mwangalie pora wa pili. Wakati mkubwa alipokuwapo huyu alikuwa kimya, anakula pembeni, watu wanamsifu kwa upole wake. Nafasi ya juu ikibaki wazi anaweza kuanza kuwika ndani ya siku chache, na baada ya wiki ukamwona amesimama katikati ya njia yako akikupima kwa jicho moja. Mpitie palepale, siku hiyohiyo ya kwanza, kabla bawa halijajifunza kushuka.